Mawingu ya Uji

Tarehe 11 Februari

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Na Bibi naye shikamoo yake, umpe kwa sauti kubwa asije akasema nimemruka. Mimi mzima kabisa. Nakula, nalala, na kabla hujauliza: ndiyo, nafua mwenyewe, na hapana, nguo za rangi sizianiki juani. Vipi miguu ya Bibi? Vipi mpiga pasi wetu, bado anaimba ule mstari mmoja mpaka wateja wanasahau walichokuja kuchukua?

Nilipofungua sanduku baada ya likizo nikakuta umenifungia mfuko wa unga wa uji, ule tunaoukoroga hapo dukani kwetu kwa udobi ili kola na shuka zisimame wima, nilicheka peke yangu. Shangazi jamani! Nani atapiga nguo uji katika chuo cha sanaa? Wenzangu wanavaa suruali zilizochanika magotini, na wamezichana wenyewe. Nikauweka mfuko chini ya kitanda.

Sasa sikiliza. Mwalimu wetu wa picha ametupa jaribio. Kila mtu atafute kitu cha kwao ambacho hakuna aliyewahi kukiita sanaa, akifanye kiwe hai mbele ya kamera. Jaribio lenyewe dogo, lakini atakayefanya vizuri anapewa vifaa vya chuo atengeneze filamu nzima, na hiyo filamu ndiyo kazi yake ya kumalizia masomo. Mmoja kaleta matairi, mwingine kaleta mapazia ya mama yake, sijui mama mwenyewe kama anajua. Mimi nikavuta ule mfuko. Nikachora ubao mzima kwa uji. Ulikuwa mzuri, nakuapia, mpaka ulipokauka ukapasuka wote ukadondoka sakafuni kama ngozi ya mtu aliyeungua jua. Nililia. Usimwambie Bibi.

Ndipo nikaenda kuosha brashi kwenye jagi la kioo dirishani, nikaitumbukiza na uji wake na bluu kidogo niliyokuwa nimechanganya. Shangazi, ule uji ulishuka taratibu, ukajikunja, ukavimba, ukawa wingu. Si kitu kinachofanana na wingu, bali wingu lenyewe, la mvua, lenye tumbo jeusi. Nilisimama pale mdomo wazi hadi mtu akaniuliza kama naumwa.

Shida ni kwamba uji wangu una madonge. Wa kwako haujawahi kuwa na donge tangu nikufahamu. Niambie unafanyaje. Na asante kwa mfuko, nilikucheka bure.

Wako,
Chiriku


Tarehe 3 Machi

Chiriku wangu,

Marahaba, marahaba, na Bibi kaitikia ya kwake kwa sauti kubwa kuliko uliyoituma. Miguu inamsumbua asubuhi, jua likipanda inapona, hasa akisikia jirani ana habari. Mpiga pasi anaimba. Nimemwambia ajifunze hata mstari wa pili, kanijibu kwamba wa kwanza bado haujamchosha.

Kulia kwa ajili ya ubao! Mtoto wewe. Nimemwambia Bibi, umeniudhi uliponikataza. Kacheka mpaka kakohoa.

Haya, uji. Maji ya baridi kwanza, kidogo, uloweshe unga uwe laini. Kisha maji ya moto, uyamimine huku unakoroga, na usisimame hata mtu akikuita jina. Yakipoa kiasi, achana na mwiko, tia mkono. Mwiko unazunguka tu, haujui chochote. Mkono unakuambia donge liko wapi, nawe unalivunja pale pale kati ya vidole. Hakuna siri nyingine, ni mkono tu.

Umeandika kwamba ulinicheka bure. Cheka tu, nimezoea. Lakini nikuambie kweli, nilipofika pale pa wingu nilikaa juu ya kapu la nguo chafu nikasoma tena. Miaka yote hii nimekoroga uji huu, nimeuona ukigeuka kwenye beseni, na nilijua ni mzuri kuutazama. Sikuwahi kumwambia mtu, kwani ungemwambia nani? Asante, mwanangu, kwa kuuona.

Na usiniombe tena, kama ulivyoniomba siku unaondoka, nikupigie simu. Simu ni ya wateja wanaoulizia shuka zao. Barua yako naiweka mfukoni mwa aproni, naisoma nikipata nafasi, na wewe unatulia palepale huniambii una darasa.

Kula vizuri.

Shangazi yako


Tarehe 22 Machi

Shangazi,

Shikamoo kubwa kubwa! Nimelichukua! Jaribio langu ndilo lililochaguliwa, na filamu ni yangu. Mwalimu alilitazama, akalirudia, akasema, "Hii nenda nayo mpaka mwisho." Basi. Huyo mtu hasifii hovyo. Nilitoka nje nikapiga kelele uwanjani, mtunza bustani akaangusha mpira wa maji.

Bibi mzima? Mwambie namuombea miguu.

Acha nikusimulie tunavyofanya. Tuna tangi kubwa la kioo. Mwalimu katufundisha kujaza nusu ya chini maji ya chumvi, na juu yake, taratibu sana, maji yasiyo na chumvi. Uji ukishuka ukifika kwenye chumvi hauzami tena, unatandaa, unakuwa anga nzima. Tukigeuza picha juu chini, mvua inapanda. Na usicheke: hapa hakuna anayesema "uji". Nikisema uji wanadhani nina njaa. Wao wanasema wanga, kama vitabuni, basi nami nimekuwa mtu wa wanga, nasema wanga asubuhi, wanga jioni. Tunafunga madirisha yote, tunazima taa, tunavaa nguo nyeusi mpaka vidole, maana ukivaa nyeupe unaonekana kwenye kioo. Wenzangu wanaonisaidia wananiita mkubwa wa wanga. Mimi ndiye natoa amri, nani amwage, nani asimame, nani asipumue.

Filamu yenyewe ni ya mazingaombwe, ila mazingaombwe ya kamera na kompyuta. Mwanamke anafua shuka kwenye beseni nyuma ya nyumba. Anakoroga. Maji yanaanza kupanda, yanakuwa mawingu, shuka inapaa nayo, mtaa mzima unafunikwa na anga iliyotoka kwenye beseni moja. Ndiyo hiyo tu, haina maneno.

Na mwanamke huyo ni wewe. Usoni sikuonyeshi, najua utakataa. Nataka mikono yako, Shangazi. Nimeiona akilini tangu siku ya lile jagi. Nikija likizo nitaichukua. Bila mikono yako wanga wangu haukamiliki, hilo nimewaambia wenzangu wote.

Nijibu upesi, roho iko juu.

Chiriku


Tarehe 6 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Tuko salama. Hongera sana kwa filamu, tumefurahi. Nisamehe kuchelewa, kazi zilinizidi.

Mwandiko usikushangaze, naandikia juu ya goti, meza imejaa shuka.

Likizo hii usije. Tunapaka rangi nyumba, hakuna pa kulala. Hiyo mikono chukua ya mtu mwingine. Mikono ni mikono, nani atajua? Wako wasichana wazuri hapo chuoni.

Bibi yako siku hizi ana yake kichwani. Jina lako likitajwa ananyanyuka anaondoka. Ni uzee, mpuuze.

Soma. Maliza. Hilo ndilo ninalokuomba, maliza.

Shangazi


Tarehe 17 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Nimesoma barua yako mara nyingi na sijaielewa hata mara moja.

Nyumba ilipakwa rangi mwaka juzi, tena mimi ndiye nilishika ngazi. Na mwandiko ule ni wa nani? Herufi zako zinalala kulia, hizi zimelala kushoto, kubwa kama za mtoto wa chekechea. Goti gani hilo? Na hukuniita Chiriku. Halafu Bibi kanifanya nini, au mimi nimemfanya nini? Kama kuna jambo, sema. Nitakuja kesho, sanduku langu halichukui muda.

Kuhusu mikono, nimekusikiliza, nimejaribu. Nimewaweka wenzangu mmoja mmoja mbele ya beseni. Wa kwanza anakoroga kama anatafuta kijiko kilichozama. Wa pili ana kucha ndefu, aliuogopa uji. Wa tatu ni mvulana, ana mikono mizuri kweli, lakini kila nikisema anza anaitazama kamera. Mwalimu anasema nivumilie, watu watatazama mawingu. Huenda. Mawingu yamekuwa mazuri mno, wanga unakubali sasa kila ninachouambia. Lakini filamu inaanza kwenye mikono. Mtu asipoiamini mikono ile hatayaamini mawingu, atasema ni kompyuta tu. Na mwisho wa Julai nakabidhi. Nikikosa mikono sina filamu, na bila filamu nimekaa hapa miaka mitatu nikarudi na hadithi tu.

Nakuomba sana. Nijibu hata mstari mmoja kama wa mpiga pasi.

Chiriku


Tarehe 10 Juni

Shangazi,

Shikamoo.

Bibi kanipigia simu. Kaazima ya fundi viatu wa hapo mlangoni. Nilipokea nikiwa darasani, na darasa zima lilimsikia, maana Bibi anaamini kwamba mbali ni mbali, lazima upaze sauti.

Hata salamu hakutaka. "Umeridhika?" akasema. "Ulitaka mkono, haya, umeupata!"

Nikamwuliza mkono gani.

"Usijitie hamnazo! Barua yako nilisomewa na fundi huyu hapa, neno kwa neno. Mnajifungia gizani! Mmevaa nyeusi mpaka vidole! Wanga, na wewe ndiye mkubwa wao! Ukaandika bila haya, nataka mikono yako, wanga wangu haukamiliki! Wiki ile ile mkono wa mwanangu ukafa, akalazwa hospitali. Nilinyamaza kwa sababu kaniapisha. Juzi imekuja barua nyingine, eti wanga unakubali kila unachouambia! Sasa siwezi tena. Rudisha mkono wa mwanangu, Chiriku, nilikubeba mgongoni!"

Mungu anisamehe, nilicheka. Nilicheka kwa sababu nilimuona fundi viatu anavyosoma yale maneno, macho yamemtoka, Bibi kashika mlango. Nikasema, "Bibi, wanga ni uji! Ni uji wa nguo!" Naye analia. Ndipo nikasikia alichosema. Mkono umekufa.

Kwa hiyo ulikuwa hospitali barua yangu ilipofika. Ulikuwa hospitali, mimi huku namwaga uji tangini nafurahi. Na ulipotoka ukakaa ukajifunza kuandika kwa mkono wa kushoto, ili uniambie habari za rangi ya nyumba.

Sikulaumu. Ninakulaumu. Sijui. Nimekwishamwambia Mwalimu naondoka. Ijumaa ya wiki ijayo napanda basi, narudi kukaa. Nitakoroga uji, nitapokea wateja, nitamfundisha mpiga pasi mstari wa pili. Filamu basi. Wewe ndiye uliyenichukua Baba alipofariki, hukusema una kazi. Nami sitasema.

Mwambie Bibi asiniogope.

Chiriku


Tarehe 13 Juni

Chiriku,

Barua hii nampa dereva wa basi mkononi, kama ulivyofanya na yako, asubuhi hii hii, ikuwahi. Teremsha hilo sanduku. Shikamoo yako nitaiitikia ukimaliza kusoma.

Ni kweli. Kiharusi kidogo. Nilikuwa nakunja shuka, ikaniponyoka, nikainama kuiokota nikaona mkono haushuki. Mdomo uliteleza siku chache ukarudi. Mguu mzima. Mkono wa kulia haujarudi, na daktari hasemi utarudi, anasema tusubiri, nami najua wanavyosema wakitaka kusema hapana. Unakaa tu. Nikiuweka mezani, unakaa mezani, kama mgeni asiyejua ataondoka lini.

Sikukuambia kwa sababu nilijua utafanya hivi hivi unavyofanya. Nilikujua, na nilikuogopa! Nilikaa kitandani pale hospitali, sikuwaza mkono, niliwaza sanduku lako. Nikajiambia, akijua, atarudi, atavaa aproni yangu, atakuwa mwema sana kwangu, na kila nikimtazama nitaona wingu ambalo halikumalizika. Hilo sitaki. Sikukulea ili unilipe. Nilikulea kwa sababu ulikuwa unachekesha.

Dukani tunakwenda. Mpiga pasi amehamia upande wa kufua, anakoroga uji. Una madonge. Wateja wananivumilia, nawashukuru, hata yule mwenye mashati meupe amesema yeye hakuona donge lolote, na lilikuwa kwenye kola, kubwa kama dengu.

Bibi nimemketisha. Nimemshikisha mfuko wa unga, nikamwambia, Mama, huu hapa ndio wanga. Kaushika, kaunusa. Kisha akasema, "Sasa kwa nini asiseme uji?" Hakuomba radhi, lakini jana alikusifia kwa fundi viatu, akajifanya hajui kama nasikia.

Sasa sikia la mwisho. Ukija kukaa, sikufungulii mlango, na hapo nina mkono mmoja tu, kwa hiyo kuufunga tena itakuwa kazi, usinitese. Lakini ukija na kamera, nakufungulia. Niliona haya, ndiyo sababu nilikuandikia mikono ni mikono. Si kweli. Mkono wangu ninaoweza kukupa ni wa kushoto. Wa pili utaukuta ulivyo. Kama unaitaka filamu hivyo, njoo siku chache, uchukue, urudi shule.

Marahaba.

Shangazi yako


Tarehe 21 Julai

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nilifika salama, mabegi yote, na ile chupa ya Bibi haikumwagika. Mwambie dawa yake ya kikohozi nimempa na Mwalimu, kakunja sura lakini kaimeza.

Nimekuwa natazama picha za siku zile kila siku, ndiyo kazi yangu sasa, kutazama. Pale mlango wa nyuma, beseni la bati, mpiga pasi kashika shuka nyeupe kukurudishia mwanga, na Bibi kitini anatoa amri kama yeye ndiye mkubwa wa wanga. "Sogeza taa! Unamziba mwanangu!" Mwanzo ulikuwa umekaza bega, unaikumbuka kamera. Kisha ukakuta donge. Nililiona usoni mwako, mpiga pasi naye akalitazama paa. Ukaanza kulitafuta kwa mkono wa kushoto, ukatusahau wote. Hapo ndipo filamu yangu ilipo. Hakuna mwanafunzi yeyote hapa angeweza kunipa ile, na wewe ulinipa kwa mkono usiouzoea. Sijui niseme asante ngapi.

Kompyuta inafanya nilichoota. Maji yanainuka katikati ya vidole vyako, unaona uzi mmoja mweupe, unapanda, halafu mawingu ya tangini yanaupokea, shuka inaondoka kwenye kamba. Wenzangu wakipita mlangoni wanasimama.

Lakini kuna jambo nahitaji kukuuliza, na sijui kuuliza kwa njia nyepesi. Kabla ya kuanza, uliuinua mkono wa kulia kwa ule wa kushoto, ukauweka ukingoni mwa beseni. Unaonekana. Umekaa tu pale muda wote. Naweza kuufanya usogee. Nachukua mkono wako wa kushoto, naugeuza kama kwenye kioo, nauweka mahali pa ule wa kulia. Utaonekana unakoroga kwa mikono yote miwili kama zamani. Nimejaribu kipande kifupi, na nilipokiona nililia. Hakuna atakayejua.

Mwalimu anasema filamu ni yangu, niamue. Nikamwambia mkono si wangu. Sitaugusa mpaka uniambie. Ukisema usogee, utasogea. Ukisema ukae, utakaa. Ninahitaji jibu kabla mwezi haujaisha.

Chiriku wako


Tarehe 27 Julai

Chiriku,

Marahaba. Bibi mzima, na dawa anasema aongezewe dozi huyo Mwalimu, sura aliyokunja ni dalili.

Nimeibeba barua yako mfukoni na kuitoa, nikairudisha, nikaitoa. Nisikudanganye: nilitamani. Nilitamani vibaya sana. Nilisema, acha watu wanione nilivyokuwa, mara moja tu, hata kama ni mazingaombwe. Nikafika mpaka kuchukua kalamu niandike ndiyo.

Kisha nikautazama hapo mezani. Huu mkono ndio uliofua, ndio uliopiga pasi kabla hatujampata mwimbaji wetu, ndio uliokusuka nywele ukipiga kelele kama unachinjwa. Sasa umechoka, umekaa. Nikitia mwingine mahali pake nitakuwa nauficha kama kitu cha aibu, wakati ndio ulionifikisha hapa. Uache ukae, mwanangu. Watu wauone umekaa.

Ila Bibi kasikia. Nilimsomea, sikumficha, tumeshajifunza hasara ya kumwachia fundi viatu. Halafu kasema, taratibu, si kwa ile sauti yake: "Mimi ningependa kuuona ukitembea." Ni mama yangu, Chiriku. Kama unaweza, watu uwafanyie yao, na Bibi umfanyie ya kwake.

Shangazi yako


Tarehe 2 Septemba

Shangazi na Bibi,

Shikamoo nyote wawili.

Nimemaliza! Nimefaulu! Ukumbi ulijaa, waliokosa viti walikaa chini. Nilisimama nyuma kabisa karibu na mlango, ili nikiaibika nitoke. Mkono wako ulipoanza kukoroga, waliokaa chini walisimama wima, wakabaki hivyo mpaka shuka ilipopotea angani. Mwanamke mmoja nisiyemjua alinitafuta baadaye, akaniambia alikuwa akitazama ule mkono uliokaa ukingoni, na alimkumbuka mtu wake. Hakusema nani. Alinishika bega akaondoka.

Na kuna kampuni ya filamu imeniita niende kufanya kazi kwenye chumba chao cha kutengeneza picha. Nimeanza wiki hii. Mwanzoni mwa filamu nimeandika, "Kwa Shangazi, aliyekoroga." Maneno mengine yote niliyoandika niliyafuta.

Kijiti cha kompyuta nilichofunga humu kina filamu mbili. Ya kwanza ni ya watu. Ya pili ni ya Bibi, hakuna mwingine aliye nayo, na nakala yangu nimeifuta.

Asanteni. Nitaandika ndefu nikitulia.

Chiriku


Tarehe 15 Septemba

Chiriku wangu,

Marahaba, msomi wetu, marahaba mara nyingi. Barua ilipofika nilifunga duka mchana kweupe. Mteja wa mashati meupe alikuwa mlangoni, nikamwambia aingie au aondoke, kaingia. Fundi viatu kaleta televisheni yake na kuichomekea kijiti chako. Mpiga pasi kakaa juu ya kapu. Kwa mara ya kwanza hakuimba.

Tulitazama ya watu. Sitakueleza, maana wewe ndiye uliyeitengeneza, lakini shuka ilipopaa fundi viatu alivua kofia. Bibi akauliza, "Yote haya ni uji?" Nikamwambia yote. Akasema, "Basi tumekuwa tukiuvaa bure."

Halafu tukaweka ya kwake. Wengine niliwaomba watoke, tukabaki wawili. Mwanangu, umefanya kazi. Nilijiona nakoroga kwa mikono yote miwili, mpaka bega hili lilisisimka. Nikamtazama Bibi nikitegemea machozi. Alikuwa amekunja uso, ameisogelea televisheni kama mtu anayemtambua mgeni.

"Mkono mzuri," akasema. "Lakini si wa mwanangu."

Nikamwambia, Mama, ni wangu, ni ule wa kushoto umegeuzwa. Akatikisa kichwa. "Wa kushoto naujua, na wa kulia naujua. Wa kulia uko wapi?" Akaupapasa hapo mapajani mwangu, akaupata, akauchukua, akauweka juu ya magoti yake, akaufunika kwa mikono yake miwili. Akasema turudishe ya kwanza, ile ambayo mkono huu upo. Tukairudia. Ulipotokea pale ukingoni mwa beseni, aliuminya. Najua aliuminya kwa sababu nilimuona, si kwa sababu nilisikia.

Tangu mkono huu ulale umeshikwa na wengi. Daktari kaushika, muuguzi kaushika, mpiga pasi ananifunga kifungo kila asubuhi akitazama pembeni kwa adabu. Wote wanauchukua tu, na sina ubaya nao, wananisaidia. Ni wewe peke yako uliyeniuliza kwanza. Ulikuwa na uwezo wa kuufanya chochote ukiwa huko mbali, nisijue, na ukakaa ukasubiri neno langu wakati siku zako zinakwisha. Asante, mwanangu. Nilikuwa nimeanza kusahau kwamba ni wangu.

Usiulize mbona mistari imepinda hivi. Nikiandika kwa kushoto, wa kulia huwa naulaza juu ya karatasi uizuie, hiyo ndiyo kazi yake mpya. Leo Bibi bado ameung'ang'ania na amelala usingizi nao, karatasi inanikimbia meza nzima, na sina moyo wa kumwamsha.

Shangazi yako